Pochi ya kripto: uiachie shilingi ngapi?

Shemeji yangu alinitumia faili la APK, yaani la kusakinisha programu kwenye simu ya Android, kwa WhatsApp, na chini yake swali: "Shem, hii pochi iko salama?" Nikamuuliza kaitoa wapi. Kwenye grupu. Nani kaiweka? Admini. Huyo admini unamjua? Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Ila ina nyota nne na nusu." Kwa bahati alikuwa hajaweka hata senti.

Swali lake halijibiki. Hata fundi aliyeiandika programu hawezi kulijibu kwa moyo mweupe, maana programu iliyoko kwenye simu yako leo siyo itakayokuwepo mwezi ujao ikishasasishwa. Swali linalojibika ni hili: programu hii niiachie kiasi gani? Ipo pochi ninayoiachia hela ya chai, ipo ninayoiachia kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na zipo nyingi ambazo hazipati kitu kwangu. Hatua zifuatazo ndizo ninazozipangia. Zinakula jioni moja, pengine mbili.

Jioni nzima kwa ajili ya programu tu? Ndiyo. Ukikosea namba kwenye M-Pesa unawahi kupiga simu huduma kwa wateja, na mara nyingine hela inarudi. Ukisahau namba ya siri unakwenda dukani na kitambulisho. Kwenye kripto, yaani sarafu za mtandaoni kama bitcoin, hakuna duka wala namba ya kupiga. Muamala ukishathibitishwa umekwenda, na ufunguo wako akiupata mwingine, kwa mtandao yeye ndiye wewe.

Kwanza: ufunguo uko kwa nani

Pochi ya kripto haina hela ndani. Sarafu zimeandikwa kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani. Programu yako inatunza ufunguo wa siri unaotia sahihi ili sehemu ya daftari hilo ihamishwe. Ndiyo maana jambo la kwanza la kupima ni kama ufunguo huo unao wewe au anao mtu mwingine.

Kipimo chake ni rahisi. Unapofungua pochi mpya, je, imekuonyesha maneno 12 au 24 ya Kiingereza na kukuambia uyaandike? Kama imekuonyesha, ufunguo uko kwako, kwa sababu maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe kwa sura nyingine. Kama imekusajili kwa barua pepe na nywila tu, basi kwa kawaida hiyo ni akaunti kwenye soko la kununua na kuuza kripto au kampuni fulani, na namba unayoiona kwenye skrini ni deni wanalodaiwa na wewe. Waliokuwa na bitcoin Mt. Gox mjini Tokyo hawakulielewa hilo hadi Februari 2014, soko lilipofunga milango na kusema bitcoin zipatazo 850,000 hazipo. Baadaye 200,000 zilionekana. Waliokuwa FTX, soko jingine la kripto, walilielewa Novemba 2022 lilipofilisika.

Sisemi usitumie masoko. Hela unayoibadilisha wiki hii kuwa shilingi inaweza kukaa huko siku mbili tatu bila ubaya. Nasema usiite akaunti pochi.

Zipo pia programu chache zinazougawa ufunguo vipande, kimoja kwenye simu yako na kingine kwa kampuni, bila maneno yoyote. Hizo zipime kwa swali moja zaidi: kampuni ikifungwa kesho asubuhi, mimi natokaje? Jibu liwe limeandikwa kwenye maelezo yao na uwe umelijaribu mwenyewe.

Na kuna aina ya tatu, ambayo haina ufunguo wala deni, ni picha tu. Mtu mmekutana mtandaoni, ni mpole, anakuelekeza kwenye "pochi" ambayo salio lake linakua kila siku. Siku ya kutoa unaambiwa ulipie kwanza kodi, au ada ya kufungua akaunti. Hapo usipoteze muda kupima chochote. Pochi halisi hukata ada ya mtandao kwenye sarafu zilizomo ndani yake, wala haidai utumie hela mpya kwa mtu ili utoe zako.

Pili: umeipataje

Watu wengi hawaibiwi na pochi mbovu. Wanaibiwa na nakala ya bandia ya pochi nzuri. Na usidhani duka rasmi linakukinga kabisa. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba kwenye App Store ya Apple kulikuwa na programu iliyojiita Trezor, jina la kampuni inayotengeneza vifaa vya kutunzia funguo. Mtu mmoja aliingiza maneno yake humo akapoteza bitcoin 17.1. Novemba 2023 ikawa zamu ya duka la Microsoft: programu ya bandia ya Ledger, kampuni nyingine ya vifaa hivyo, ilikaa pale na kuchota mamia ya maelfu ya dola kabla haijaondolewa.

Kwa hiyo usianzie dukani, wala usianzie kwenye matokeo ya Google, kwa sababu ya juu kabisa mara nyingi ni tangazo la kulipiwa na matapeli hulipia kama wengine. Anzia kwenye tovuti ya mtengenezaji, na anwani ya tovuti hiyo ipate kutoka sehemu mbili zisizojuana: ukurasa wao wa GitHub (tovuti ambako mafundi huweka kazi zao za programu) na, tuseme, makala ya ensaiklopidia. Zikilingana herufi kwa herufi, ingia, kisha bofya kiungo cha dukani kilichopo kwenye tovuti yenyewe. Ukifika dukani tazama jina la mtengenezaji na tarehe programu ilipowekwa. Pochi inayosemwa ina miaka minane, halafu dukani ina miezi mitatu? Toka.

Faili la APK lililotumwa kwenye WhatsApp au Telegram halipimwi, linafutwa. Hata kama aliyelituma ni ndugu yako wa damu, yeye naye katumiwa.

Kisha ibandike akilini kanuni hii, inaokoa watu kuliko nyingine zote humu: maneno ya siri yanaandikwa kwenye programu wakati mmoja tu, yaani unaporejesha pochi ambayo wewe mwenyewe umeamua kuirejesha. Programu inayokuomba maneno ili "kuthibitisha akaunti", "kuunganisha", au "kupokea zawadi" ni ya mwizi. Na kama unatumia kifaa maalumu cha kutunzia funguo, usiyaandike maneno yake kwenye kompyuta au simu hata siku moja. Yanaingizwa kwenye kifaa chenyewe. Pale ndipo ile Trezor ya bandia ilipopitia.

Tatu: msimbo unaonekana? Na je, ndio huo?

Utasikia pochi fulani inasifiwa kuwa ni programu huria, msimbo wake, yaani maandishi ya fundi yanayoijenga programu, uko wazi kwa kila mtu. Ni sifa njema, lakini sikiliza vizuri. Mama ntilie anaweza kubandika mapishi ya pilau yake ukutani, kisha jikoni akapika kitu kingine. Msimbo ulioko GitHub ni yale mapishi, na unachopakua dukani ndiyo sahani. Kujua kama sahani imetoka kwenye mapishi yale kunahitaji mtu achukue msimbo, aujenge upya mwenyewe, kisha alinganishe na kilichoko dukani.

Mimi na wewe hatutafanya hivyo kila wiki. Ila mradi wa WalletScrutiny unafanya kazi hiyo kwa pochi nyingi za bitcoin na kutangaza matokeo: hii imejengeka sawasawa, hii haijengeki, hii msimbo wake haupo kabisa. Itafute pochi yako humo. Usikate tamaa ukiona ya kwako haijafaulu, kwa sababu nyingi zenye majina makubwa hazijafaulu, lakini shusha kiwango utakachoiachia.

Hata kama hujui kusoma msimbo, ukurasa wa GitHub una mambo ambayo jicho la kawaida linayaona. Mabadiliko ya mwisho yalifanyika lini? Mradi uliolala mwaka mzima hautakuwa na mtu wa kuziba tundu likipatikana. Wanaoandika ni wangapi, mmoja au kumi? Watumiaji wakilalamika hela imepotea, wanajibiwa au malalamiko yanafungwa kimyakimya?

Ripoti nyingi za ukaguzi wa usalama zimewekwa kama urembo. Fungua hati yenyewe, usiishie kwenye nembo ya mkaguzi. Angalia tarehe, angalia ni toleo lipi lililokaguliwa (pengine lilikaguliwa la simu na wewe unatumia la kompyuta), na angalia kama makosa yaliyokutwa yamerekebishwa. Kisa cha Atomic Wallet kinafaa kukumbukwa. Februari 2022 wakaguzi wa Least Authority walitangaza hadharani kwamba pochi hiyo ilikuwa na udhaifu uliowaweka watumiaji hatarini. Juni 2023 pochi za watumiaji wake zikakombwa, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likautaja wizi huo kuwa wa dola milioni 100, likiwahusisha wadukuzi wa Korea Kaskazini. Aliyesoma tangazo lile alikuwa na zaidi ya mwaka wa kuhama.

Nne: maneno yamezaliwaje

Hapa ndipo wengi hupita bila kuangalia, na mimi mwenyewe nilipita miaka mingi. Maneno yako 12 yanachaguliwa kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048. Yakichaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli, idadi ya michanganyiko ni namba yenye tarakimu 39, na hakuna kompyuta ya kuimaliza. Lakini bahati nasibu inafanywa na programu, na programu ikiwa mvivu maneno yako yatafanana na ya wengine wote kwa macho huku yakikisika.

Ilitokea kwa Trust Wallet, ambayo vijana wengi wa kwetu wanayo. Kiendelezi chake cha kivinjari (programu ndogo inayobandikwa kwenye kivinjari kama Chrome) kilikuwa na kasoro, na pochi zilizoundwa humo kati ya tarehe 14 na 23 Novemba 2022 zilitokana na michanganyiko ipatayo bilioni 4.3 tu. Inasikika nyingi, lakini kompyuta yenye nguvu ya michezo inaipitia yote kwa siku chache. Waliogundua walikuwa watafiti wa Ledger, na baadhi ya pochi zilishaibiwa. Mwaka 2023 kasoro ya ukoo uleule ilikutwa kwenye chombo cha mafundi kiitwacho Libbitcoin Explorer, ambacho kilitumia saa ya kompyuta kama mbegu ya bahati nasibu.

Mtumiaji afanye nini? Mambo mawili. Kwa hela nzito tumia pochi iliyokaa miaka mingi hadharani na kupigwa mawe na watafiti, usitumie ile iliyozinduliwa juzi. Na ukisikia tangazo la kasoro ya aina hii, elewa kwamba kusasisha programu hakukusaidii. Maneno yaliyozaliwa dhaifu yanabaki dhaifu hata ukiyahamishia kwenye kifaa cha bei kali. Unatengeneza maneno mapya, unahamisha hela.

Tano: hakiki sahihi ya faili

Kwa pochi ya kompyuta hatua hii naifanya kila toleo. Nichukue Electrum kama mfano, pochi ya bitcoin iliyoanza mwaka 2011. Unapakua faili la programu kutoka electrum.org, na pembeni yake unapakua faili dogo la sahihi linaloishia na .asc. Unahitaji pia ufunguo wa hadharani wa mwanzilishi wake, Thomas Voegtlin, ambao si siri na ndio unaoipima sahihi hiyo. Kwenye Windows unaweka programu ya Gpg4win, ambayo inakuja na Kleopatra, unauingiza ule ufunguo, kisha unaiambia ihakiki faili. Kwenye Linux ni amri moja: gpg --verify, ikifuatiwa na jina la sahihi na jina la faili. Ukijibiwa kuwa sahihi ni nzuri, faili halijaguswa tangu lilipotiwa sahihi. Ukijibiwa kuwa ni mbaya, futa, usijaribu "kuona kwanza".

Pengine utaonywa kwamba ufunguo wa Voegtlin haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Usibabaike. Maana yake ni kwamba kompyuta haijui kama ufunguo huo kweli ni wa Voegtlin, na kazi hiyo ni yako. Linganisha alama ya ufunguo, ile mistari ya herufi na tarakimu, kutoka sehemu tatu tofauti. Kusudi siiandiki hapa. Mtu anayekufundisha kutoamini, kisha akakupa alama ya ufunguo uiamini kwa neno lake, anakuchezea.

Sita: ijaribu kwa hela ya vocha

Sasa sakinisha, lakini usiweke hela bado. Tazama ruhusa inazoomba. Kamera inaeleweka, ni ya kusoma msimbo wa QR. Kusoma meseji zako, majina ya simu, au ruhusa ile ya wenye ulemavu inayoiwezesha programu kuona na kubonyeza kila kitu kwenye skrini? Hapana.

Tengeneza pochi. Andika maneno kwa kalamu kwenye karatasi, kwa mpangilio wake na namba zake. Usipige picha: picha hupanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni ukiwa umelala. Usijitumie kwenye WhatsApp.

Tuma kiasi kidogo, cha kununulia vocha. Kikifika, ifute programu. Ndiyo, ifute kabisa, kisha isakinishe upya na urejeshe kwa karatasi yako. Salio limerudi? Basi karatasi ni sahihi na unajua njia. Nimeona watu wazima wakigundua wameandika neno la saba vibaya baada ya simu kuibiwa stendi.

Fanya na jaribio la pili: rejesha maneno hayohayo kwenye pochi ya kampuni nyingine, hii ikiwa bado ni hela ya vocha. Pochi nyingi hutumia kiwango kimoja cha maneno, kwa hiyo inawezekana. Ila Electrum ina mpangilio wake yenyewe, na pochi nyingi nyingine hazitayatambua maneno yake. Si kosa, lakini andika kwenye ile karatasi kwamba maneno haya ni ya Electrum, la sivyo mwanao atakayeikuta atayajaribu kwingine na kudhani ni takataka.

Mwisho wa jaribio, tuma kile kiasi kwenda anwani nyingine. Linganisha anwani uliyonakili na iliyobandikwa, zaidi ya herufi nne za mwanzo na nne za mwisho. Kuna virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani katikati ya kunakili na kubandika, na kuna matapeli wanaotengeneza anwani yenye mwanzo na mwisho kama wa rafiki yako, wakakutumia vijisenti ili ikae kwenye orodha yako ya miamala.

Baada ya hapo: masasisho

Masasisho yana pande mbili na zote zinakata. Desemba 2018 watumiaji wa Electrum walipojaribu kutuma hela walijibiwa na ujumbe ndani ya programu yenyewe kwamba wasasishe, ukiwa na kiungo. Seva zilizokuwa zinatuma ujumbe huo zilikuwa za wezi na "sasisho" lilikuwa la wizi. Zaidi ya bitcoin 200 zilikwenda. Agosti 2020 mtu aliyekuwa bado na toleo la zamani alieleza kupoteza bitcoin 1,400 kwa hila ileile. Yaani wa kwanza waliumia kwa kusasisha vibaya, wa pili kwa kutosasisha.

Halafu Desemba 2025, toleo la 2.68 la kiendelezi cha Trust Wallet cha Chrome likatoka likiwa na msimbo wa wizi ndani, kupitia mlango rasmi, na zaidi ya dola milioni 7 zikaondoka. Hapo hakuna aliyebofya kiungo cha uongo. Kivinjari kilijisasisha chenyewe.

Mimi nafanya hivi: kiendelezi cha kivinjari hakipati zaidi ya ninachokitumia wiki hiyo. Kwenye simu nimezima kujisasisha kwa programu za pochi. Toleo jipya likitoka nasoma maelezo yake. Kama linaziba tundu la usalama nalichukua siku hiyohiyo, kwa njia niliyoieleza juu. Kama linaleta rangi mpya na michoro, nasubiri wiki mbili, wenye haraka watangulie. Akiba halisi iko kwenye kifaa maalumu, ambacho kinanionyesha anwani na kiasi kwenye skrini yake kabla sijabonyeza.

Ukishaanza kuitilia shaka

Umesikia tetesi, au umeona muamala usioujua. Usianze kuandika kwenye magrupu, maana kabla hujamaliza sentensi watakuja inboksi "mafundi" wa kurejesha hela, wakiomba maneno yako 12 au ada ya kuanzia. Shika kwanza kifaa kingine, kisicho hicho unachokishuku. Weka humo pochi nyingine, ya mtengenezaji mwingine, itengeneze maneno mapya kabisa. Usirejeshe ya zamani humo, kwa sababu ndiyo unayoyakimbia. Hamisha chenye thamani kubwa kwanza. Kama ni USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) kwenye mtandao wa Tron, hakikisha kuna TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo, za ada, la sivyo utabaki unaitazama hela isiyosogea. Kwenye mitandao kama Ethereum futa pia ruhusa ulizowahi kuzipa tovuti zichukue sarafu zako, kama kuna kitu kinachobaki kwenye anwani hiyo.

Programu ya zamani usiifute bado, wala karatasi yake usiichane. Iache miezi kadhaa, salio likiwa sifuri. Kuna mtu mahali fulani ana anwani yako ya zamani, na atakutumia hela huko bila kukuuliza.